Nduli Ulingoni: Tahakiki ya Hadithi ya Ubingwa wa Idi Amin

UTANGULIZI

Katika semina moja ya makada iliyofanyika hapa Lusahunga, wilayani Biharamulo, lilizuka swali ambalo mwandishi wa makala hii hakulitegemea. Tulikuwa tukizungumzia vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Nilikuwa nimefika mahali ambapo kwa miaka mingi nimezoea kutia kichekesho ili darasa lisisinzie. Huwa naeleza kwamba Idi Amin, majeshi yake yakiwa yamekwisha kuvuka mpaka wetu, alitangaza kuwa yuko tayari kuumaliza ugomvi kwa kupigana ngumi na Mwalimu Nyerere, na Muhammad Ali awe mwamuzi. Darasa lilicheka kama kawaida. Kijana mmoja hakucheka. Alinyosha mkono akasema: "Ndugu mkufunzi, mimi sioni cha kuchekesha. Amin alikuwa bingwa wa ngumi, na alikuwa tayari kupigana yeye mwenyewe. Kwa nini Mwalimu hakukubali? Wangepigana wao wawili, askari wetu wasingekufa."

Wengi walinyamaza. Wachache walitikisa vichwa kukubali. Nilimjibu kwa ukali kwamba hayo ni mawazo ya kijinga, kisha tukaendelea na somo. Usiku ule nilitambua kwamba sikumjibu, nilimnyamazisha. Na kumnyamazisha mwanafunzi si kumwelimisha. Ni kumwacha aende nyumbani na mawazo yake yaleyale, yakiwa sasa na nguvu zaidi, kwa sababu ameona mkufunzi hana hoja.

Makala hii ni jibu ambalo kijana yule alistahili kupewa siku ile. Ni kujikosoa pia, kwa kuwa kosa halikuwa la mwanafunzi peke yake. Kinachotahakikiwa hapa si kitabu kimoja wala filamu moja, bali ni hadithi nzima ya "Amin bondia", kama inavyosimuliwa vijiweni, katika sinema, na siku hizi katika simu za mkononi. Hapa kwetu, ambapo barabara ya Rusumo na barabara ya Bukoba zinaachana, malori hayaishi kupita, na vijana wanaosubiri kazi kando ya barabara hupitishiana vipande vya picha za Amin akicheka, akiogelea, akicheza ngoma, akirusha makonde. Picha hizo hazina maelezo, na mtazamaji huona mtu mkubwa, mwenye nguvu, asiyeogopa wazungu. Hivyo ndivyo kasumba inavyofanya kazi: haiji na hoja inayoweza kupingwa, huja na kicheko.

Tutauliza maswali matatu. Ubingwa ule ulitoka wapi? Ulingo ulikuwa wa nani? Na mwaliko wa mwaka 1978 ulikuwa na maana gani kisiasa?

UBINGWA ULITOKA WAPI?

Idi Amin aliingia katika jeshi la wakoloni la King's African Rifles mwaka 1946, akiwa msaidizi wa mpishi. Inaelezwa mahali pengi kwamba kuanzia mwaka 1951 hadi 1960 alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda. Hapo ndipo mabishano yanapoanzia. Wako wanaoandika kwamba alikuwa bingwa wa uzito wa juu, na wako wanaoandika kwamba alikuwa bingwa wa uzito unaofuata chini yake, yaani uzito wa juu mwepesi. Maelezo ya pili ndiyo yanayorudiwa zaidi. Lakini midomoni mwa watu uzito ule mwepesi umekwisha kusahauliwa, na kila msimulizi humwongezea bingwa kilo chache.

Ngumi si jambo pekee lililoongezwa. Iko hadithi nyingine kwamba mwaka 1955 alikuwa mchezaji wa akiba wa timu ya raga ya Afrika Mashariki iliyocheza na British Lions. Hadithi hiyo imeandikwa na kurudiwa mara nyingi, ingawa hayumo katika orodha ya timu wala katika picha ya wachezaji. Yatupasa kujiuliza: mtu ambaye kweli alikuwa bondia hodari, kwa nini aongezewe ushindi ambao hakuupata? Jibu ni kwamba hadithi ya shujaa haitosheki na ukweli. Ikishaanza kutumika kama chombo cha utawala, kila mwaka hudai chakula kipya.

Hatuna haja ya kukana kwamba Amin alijua kupigana ngumi. Kada anayekana jambo la kweli ili kumshinda adui amekwisha kushindwa. Jambo la msingi ni kuuliza: ubingwa ule ulimfaa nani? Jeshi la wakoloni halikuwa chama cha michezo. Lilikuwa chombo cha kutawala, na katika miaka ya 1950 lilitumika Kenya dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau. Amin alikuwa mmoja wa askari waliopelekwa huko. Maofisa wa Kiingereza walimpenda kwa mwili wake, kwa michezo yake, na kwa kutii amri. Elimu yake ilikuwa ndogo sana, na wao hawakuona kwamba hilo ni tatizo, kwa sababu hawakumtaka afikiri. Uhuru ulipokaribia mwaka 1961 ndipo walipohitaji maofisa Waafrika kwa haraka, na Waganda wawili wa kwanza kupewa vyeo vya uofisa wakawa Shaban Opolot na Idi Amin.

Mwaka 1962 kikosi cha Amin kilipelekwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, kuzuia wizi wa mifugo. Wafugaji waliteswa na kuuawa, na ushahidi ukamwelekea Amin. Uganda ilikuwa karibu kupata uhuru. Wakoloni hawakutaka kashfa ya kumshtaki mmoja wa maofisa wawili tu wa Kiafrika wa Uganda, na Obote naye hakutaka. Amin akaonywa tu, kisha akaendelea kupandishwa vyeo.

Hili ndilo pambano la kwanza la Amin ambalo sisi makada tungepaswa kulifundisha, na ndilo ambalo hatulifundishi. Katika ngumi, mtu akipiga chini ya mkanda mwamuzi humwonya, akirudia hukatwa pointi, na akizidi hutolewa ulingoni. Turkana mwamuzi aliona, akageuza uso. Tarehe 25 Januari, 1971, Amin alipoipindua serikali ya Uganda, na Uingereza ikaharakisha kumtambua, hakuwa mtu aliyetoka porini. Alikuwa mwanafunzi mzuri wa shule iliyomfundisha kwamba mwenye mkono mzito hashtakiwi.

BINGWA ALIYEPIGWA MARUFUKU NA BINGWA ALIYEPENDELEWA

Ili tuelewe vizuri jambo hili, tumlinganishe Amin na bondia mwingine mweusi, ambaye mapambano yake yalileta mabishano makubwa zaidi duniani. Huyo ni Jack Johnson wa Texas, mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Johnson hakuchaguliwa na mabwana. Mabingwa wa kizungu walikuwa wakikataa kupigana na watu weusi kwa ajili ya mkanda ule. Ilimbidi amfuate Tommy Burns hadi Sydney, Australia, na tarehe 26 Desemba, 1908, alimpiga hata polisi wakalisimamisha pambano katika raundi ya 14. Kamera nazo zilizimwa ili mzungu asionekane akimalizwa na mtu mweusi. Baada ya hapo ukaanza msako wa mzungu atakayeurudisha mkanda. Jim Jeffries, bingwa wa zamani aliyekwisha kustaafu, akabembelezwa arudi ulingoni. Walipigana Reno, jimbo la Nevada, tarehe 4 Julai, 1910, na Johnson akamshinda katika raundi ya 15. Usiku ule makundi ya wazungu yalishambulia watu weusi katika miji mingi ya Marekani, na watu wakauawa. Picha za sinema za pambano lile zilipigwa marufuku sehemu nyingi, na mwaka 1912 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzuia filamu za ngumi kusafirishwa kutoka jimbo moja hadi jingine. Mwaka 1913 Johnson akahukumiwa kifungo kwa sababu ya uhusiano wake na wanawake wa kizungu, akakimbilia nje ya nchi. Alipoteza mkanda mjini Havana tarehe 5 Aprili, 1915, mbele ya Jess Willard, katika raundi ya 26. Baadaye alidai kwamba alijiangusha kwa makusudi, na watu wanabishana mpaka leo juu ya picha inayomwonyesha amelala chali huku mkono wake ukiwa kama unakinga macho yasipigwe na jua. Alikufa mwaka 1946, mwaka uleule ambao Amin aliingia jeshini. Rais wa Marekani alimsamehe mwaka 2018, miaka 72 baada ya kifo chake.

Tunajifunza nini? Kwanza, ngumi za Johnson ziliwatia hofu watawala kwa sababu zilibomoa uongo wao kwamba mtu mweusi ni duni kwa maumbile. Ngumi za Amin ziliwafurahisha watawala kwa sababu walikuwa wakizitumia wao. Wote wawili walikuwa weusi, wote wakubwa wa mwili, wote mabingwa. Rangi ni moja na mchezo ni mmoja, lakini nafasi zao katika mfumo wa unyonyaji zilikuwa mbali kabisa. Kada asiyetazama nafasi ya mtu katika mfumo, akatazama rangi na misuli tu, atawachanganya hawa wawili na kuwaita wote mashujaa.

Pili, hata ushindi wa Johnson, uliokuwa wa haki, haukumkomboa mtu mweusi wa Marekani. Usiku wa ushindi wake wanyonge waliuawa mitaani. Mkono wa mtu mmoja, hata ukiwa mzito namna gani, haubadilishi uhusiano wa kitabaka. Hubadilishwa na umma uliojipanga. Hili ndilo jibu la kwanza kwa kijana wa semina yetu.

ULINGO ULIKUWA WA NANI?

Mpiganaji huonekana, bali mwenye ulingo haonekani. Kwa hiyo ukitazama pambano, tafuta nani amelipa.

Tarehe 30 Oktoba, 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana mjini Kinshasa saa kumi za usiku, ili saa hizo ziwafae watazamaji wa Marekani. Ali alishinda katika raundi ya 8. Serikali ya Mobutu ndiyo iliyotoa dhamana ya dola milioni 5 kwa kila bondia. Afrika nzima ilishangilia, na haikuwa kosa kushangilia, maana Ali alikuwa mtu aliyevuliwa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa kwenda kuwaua Wavietnamu. Lakini yatupasa kuona mambo mawili kwa wakati mmoja. Ushindi ulikuwa wa Ali. Ulingo ulikuwa wa Mobutu, na alichokinunua ni sura: dunia iitazame Kinshasa kupitia mabega ya Ali, isiwaone wachimba madini na wakulima waliokuwa nyuma ya uwanja.

Amin naye alijua kuununua ulingo, na mara nyingine hakuununua, aliunyakua. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alitoa filamu ya maisha ya Amin, ambayo Amin mwenyewe aliisaidia kutengenezwa. Ndani yake tunamwona akishindana kuogelea. Anakatiza njia ya wenzake na kufika wa kwanza, na hakuna anayelalamika. Huo ndio ubingwa wa dikteta: mpinzani anajua kwamba akishinda atakuwa ameshindwa. Halafu Amin alipoambiwa kwamba filamu iliyoonyeshwa London haikumsifu kama alivyotaka, aliwakusanya Wafaransa waliokuwa Kampala katika hoteli iliyozungukwa na askari, mpaka mtengenezaji akakubali kukata vipande. Jack Johnson filamu yake ilikatwa na watawala. Amin aliikata yeye mwenyewe kwa bunduki. Mlinganisho huo unatosha kuonyesha yupi alikuwa mnyonge na yupi alikuwa mnyanyasaji.

Kuna picha nyingine inayopendwa sana vijiweni: mwaka 1975, wakati wa mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, Amin amebebwa kitini na wazungu. Vijana husema, "Huyo ndiye mwanamume, wazungu walimbeba." Ndugu zangu, ubeberu haukai mabegani mwa wazungu wanne. Ubeberu ni mfumo wa uchumi, na haukuumia hata kidogo kwa kiti kile. Walioumia ni wananchi wa Uganda. Makadirio ya waliouawa katika utawala wa miaka minane yanafika watu 300,000, na wengi mno kati yao walikuwa Waafrika: wakulima, wafanyakazi, wasomi, askari wa makabila yaliyoshukiwa. Tanzania haikushiriki mkutano ule, na Mwalimu alilaumiwa na baadhi ya wenzake. Lakini alikuwa ameona jambo ambalo makofi yaliwazuia wengine kuliona: kwamba kumuua Mwafrika hakugeuki kuwa halali kwa sababu muuaji ni Mwafrika.

MWALIKO WA NOVEMBA 1978

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Tarehe 30 Oktoba, 1978, majeshi ya Amin yalivamia ardhi yetu kaskazini ya Mto Kagera, katika mkoa ambao wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi. Amin akatangaza kwamba eneo lile ni sehemu ya Uganda. Daraja la Kyaka likabomolewa, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa, mifugo ikaswagwa, wananchi wakauawa na wengine wakakimbia na watoto migongoni. Katika hali hiyo ndipo Amin alipotoa mwaliko wake: apigane na Mwalimu ulingoni, Muhammad Ali awe mwamuzi, na yeye Amin, ili kumpa mwenzake nafasi, afungwe mkono mmoja nyuma na kuwekewa vyuma vizito miguuni. Alisema afadhali hivyo kuliko askari kufa vitani.

Kijana wetu aliyachukua maneno hayo ya mwisho akayaona kuwa ni utu. Tuyachambue.

Kwanza, mwaliko ulitolewa baada ya uvamizi. Mtu anayeingia nyumbani kwako usiku, akaua, akachukua ng'ombe, kisha akiwa amesimama sebuleni akasema "tupigane ngumi tumalize", hakualiki mchezoni. Anakutaka ukubali kwamba nyumba yako sasa ni kitu cha kushindaniwa. Ukivaa glavu tu umekwisha kumpa nusu ya nyumba, hata kabla kengele haijalia.

Pili, katika ngumi mshindi huchukua mkanda. Hapa mkanda ulikuwa nini? Ulikuwa ardhi ya wananchi wa Kagera na watu wanaoishi juu yake. Nani alimpa Amin haki ya kuiweka rehani? Na nani angempa Mwalimu haki hiyo? Mfalme wa zamani aliweza kucheza kamari kwa kijiji kwa sababu alikihesabu kuwa mali yake. Kiongozi wa umma hana mali hiyo. Hapa ndipo tofauti ya itikadi mbili inapoonekana wazi. Kwa Amin, nchi ni mwili wa mtawala; ukimwangusha mtawala umeiangusha nchi. Kwa msimamo wetu, nchi ni ya watu, na kiongozi ni mtumishi wao.

Tatu, hata kwa sheria za ngumi zenyewe mwaliko ule ulikuwa upuuzi. Mchezo wa ngumi umegawanywa kwa uzito kwa sababu wenye mchezo walikwisha kutambua kwamba kumpandisha mzito dhidi ya mwepesi si kupima ufundi, ni kufanya unyama. Mkono uliofungwa nyuma ulikuwa mzaha wa kumdhalilisha mtu, na kwa njia hiyo kuidhalilisha nchi yake. Aliyejua ngumi kwa miaka mingi alijua hilo kuliko mtu yeyote.

Nne, tazama jibu. Mwalimu hakujibizana naye kuhusu ngumi. Mwanzoni mwa Novemba 1978 alilihutubia taifa akataja mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Mambo hayo matatu yanastahili kufikiriwa upya na kila kada. Bondia huhitaji uwezo na nia. Sababu si lazima, kwani mtu anaweza kumpiga mwenzake ulingoni bila ugomvi wowote, wakapeana mikono. Vita vya wananchi haviwezi kuanza bila sababu, na sababu hiyo lazima iwe yao. Mwaliko wa Amin ulikuwa jaribio la kuifuta sababu, abaki mtu na mtu, misuli na misuli. Kuukubali, au hata kuujibu kwa majigambo, kungekuwa kuingia katika ulingo wake.

Liko jambo moja zaidi. Yule aliyetakiwa kuwa mwamuzi alifika kweli Dar es Salaam, Februari 1980, ametumwa na Rais Carter kutuomba tususie michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu hakukutana naye. Waandishi wa habari walimwuliza Ali mbona Marekani haikuungana na Afrika tulipoisusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 kwa sababu ya Afrika Kusini, naye akakiri kwamba hakuelezwa mambo hayo. Wanariadha wetu walikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Hatumdharau Ali, uungwana wake wa kukiri ni funzo. Tunachosema ni kwamba msimamo wa nchi hautolewi na bingwa, awe adui au rafiki.

MAKOSA YETU WENYEWE

Tahakiki isiyomgusa mtahakiki ni umbea. Kwa hiyo tuseme ukweli juu yetu.

Sisi tulimwita Amin nduli, na jina lilimfaa. Lakini tukishasema "nduli" mara nyingi huwa tumemaliza kufikiri. Nduli ni kiumbe cha kutisha, hakina historia, hakina walimu, hakina waliokifadhili. Kosa hili limo pia katika sinema. Filamu ya mwaka 1981 juu ya kupanda na kuanguka kwa Amin ilimfanya jitu la kutisha tu. Ile ya mwaka 2006, iliyompatia Forest Whitaker tuzo ya Oscar, ina uigizaji wa hali ya juu, lakini inatupitisha katika macho ya daktari Mskoti wa kubuni, na Waganda wenyewe wanabaki kivuli cha nyuma. Katika zote mbili jambo linaloelezwa ni mwili na tabia ya mtu mmoja. Mtazamaji hutoka akijua jinsi Amin alivyocheka, bila kujua ni nani aliyemlea, nani aliyemuuzia silaha, wala nani aliyemwangusha.

Nani aliyemwangusha? Sikilizeni lugha yetu wenyewe. Tunasema, "Mwalimu alimpiga Amin." Tunasema hivyo madarasani, nami nimesema hivyo mara nyingi. Tazama jambo hili la ajabu: Amin alitaka vita viwe pambano la watu wawili, tukamkatalia mwaka 1978, halafu miaka yote iliyofuata tukavisimulia kama pambano la watu wawili. Tulishinda vita, lakini katika usimulizi tukaingia ulingoni mwake kwa hiari yetu. Je, ni ajabu basi kijana kuuliza kwa nini wale wawili hawakupigana wenyewe?

Siku ya pili ya semina nilirudi darasani nikakiri kosa langu. Kabla sijaendelea, mama mmoja mzee wa hapa, aliyekuwa akisikiliza karibu na mlango, aliomba ruhusa ya kusema. Akasema: "Mwanangu, huyo bingwa mnayemtaja, mimi namjua kwa kaka yangu. Alikuwa mgambo. Alipita kwenye barabara hiyohiyo akienda kaskazini, na hakuwa na glavu. Kama mnataka kusimulia ngumi, msimulieni na yeye." Kisha akakaa. Sikuwa na la kuongeza, na kijana yule aliinamisha kichwa. Hakuinamisha kwa kushindwa bali kwa kufikiri, na hiyo ndiyo kazi ya elimu ya siasa.

Aliyewaangusha askari wa Amin hakuwa mtu mmoja. Walikuwa askari wa JWTZ, mgambo, vijana wa JKT, polisi, na wazalendo wa Uganda waliopigana bega kwa bega nao. Walikuwa madereva waliotoa magari, wakulima waliochanga vyakula na ng'ombe, akina mama waliopika. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili, 1979. Amin, bingwa asiyeogopa, hakungoja raundi ya mwisho. Alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, na huko Jeddah akafa tarehe 16 Agosti, 2003, bila kushtakiwa. Mashujaa wetu wengi wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Anayetoka Lusahunga kwenda Bukoba hupita katika wilaya hiyo. Wengi hupita bila kusimama.

HITIMISHO

Hatuchukii ngumi. Titus Simba alituletea medali ya fedha kutoka michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970. Katika fainali alishindwa na John Conteh wa Uingereza, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia. Alishindwa kwa heshima, na hakuna kijiji kilichobadilisha mwenyewe kwa sababu yake. Huo ndio mchezo. Mchezo unageuka sumu pale mtu anapodai kwamba nguvu ya mkono wake ndiyo haki yake ya kutawala.

Kwa hiyo makada tuna kazi tatu. Ya kwanza, tusimulie vita vya Kagera kwa majina ya makundi yaliyopigana, na tuwasikilize wazee wa Ngara, Biharamulo, Muleba na Misenyi wakiwa bado hai, kwani kumbukumbu zao haziko katika simu. Ya pili, tunapomtaja Amin tueleze na shule aliyosoma: jeshi la wakoloni, Turkana, na wale waliomtambua haraka mwaka 1971. Ya tatu, na hii ndiyo ngumu, tusimnyamazishe anayeuliza. Siku hizi vijana wengi waliochoka na uzembe na rushwa hutamani "mwanamume mwenye mkono mzito" aje anyoshe mambo. Tukiwaita wajinga, watakwenda kumtafuta. Tukiwajibu kwa hoja, watagundua wenyewe kwamba mkono mzito haukomi kwa mwizi. Ukishamaliza mwizi, hugonga mlango wa jirani.

Kijana yule aliuliza kwa nini Mwalimu hakukubali kupigana. Jibu, baada ya maneno yote haya, ni fupi. Hakuwa na ruhusa. Ardhi ile haikuwa yake, ilikuwa yako.